Profesa Asiyengoja Chai Ipoe

Sijakutana na mtu mwingine aliyechukia kungoja kama Profesa. Ukianza kumweleza jambo, kabla hujafika nusu alishainua kiganja na kusema, "Nimeshaelewa," kisha anakumalizia sentensi yako mwenyewe. Ubaya ni kwamba mara nyingi aliimalizia vizuri kuliko ulivyokusudia. Laiti angekuwa anakosea, tungemwonea huruma na kumvumilia. Lakini alikuwa sahihi, na mtu aliye sahihi haraka namna ile anachosha sana.

Nilifanya naye kazi miaka mingi katika maabara ndogo ya utafiti pale Kakamega, upande wa barabara inayoelekea Buyangu. Yeye alikuwa mkuu wa maabara, mimi fundi sanifu wake. Miaka yote hiyo aliniita "kijana", hata baada ya mimi kuoa, kupata watoto na kuanza kuota kipara. Siku niliyomkumbusha umri wangu alisema, "Nimeshaelewa, kijana," na mjadala ukafungwa.

Chai ndiyo iliyoonyesha tabia yake waziwazi. Mlinzi wetu wa mchana ndiye aliyepika chai ya saa nne, na aliipika kwa fahari, maziwa mengi, majani yamechemka hadi rangi imekuwa ya matofali. Wengine tulikaa kwenye ngazi tukipuliza na kupiga soga. Profesa alipokea kikombe, akaenda moja kwa moja kwenye mfereji, akaongeza maji baridi, akanywa yote akiwa amesimama.

"Profesa, hiyo chai unaiharibianga," mlinzi alimlalamikia siku moja. "Si ungengoja tu ipoe yenyewe?"

"Ikipoa yenyewe mimi nitakuwa nimezeeka."

"Lakini maji inaua utamu."

"Hiyo utamu kunywa wewe," alisema, na kikombe kilikuwa kimesharudi kwenye sinia.

Kanisani alikaa benchi ya mwisho karibu na mlango, na matangazo yalipoanza mkoba ulikuwa tayari begani. Mazishini ndiko alikotuaibisha zaidi. Kwetu msiba una hotuba: ukoo wa baba, ukoo wa mama, wakwe, waliosoma pamoja, chama cha akina mama, na yule jirani ambaye hakualikwa kusema lakini ameshashika maikrofoni. Profesa hakukosa msiba wa jirani hata mmoja. Alifika mapema, akasaidia kubeba kuni na sufuria, akalia na wenye kulia. Ila msemaji wa kwanza akisema tu "sitakuwa na maneno mengi," Profesa alisimama akajipangusa sketi. Alijua maana yake.

Na salamu! Huku kwetu salamu ni kazi ya mikono miwili. Unaulizwa nyumbani, unaulizwa watoto, unaulizwa ng'ombe, unaulizwa mvua, nawe unarudisha yote kwa zamu. Profesa alijibu kwa jumla kama anayefunga mlango: "Wote wazima, mvua imenyesha, sema." Wageni walidhani amekasirika. Sisi tulijua kwamba kwake hiyo ilikuwa ni salamu ya upendo, maana asiyempenda hakumwambia "sema".

Sasa mtu huyu huyu, mbele ya friji moja nyeupe iliyokuwa kwenye kona ya maabara, aliweza kukaa kitini kimya mchana kutwa akingoja kitu asichokiona. Ili uelewe, sina budi kueleza tulichokuwa tukifanya, na sitapata njia bora kuliko ile aliyotumia yeye alipoalikwa kuzungumza na akina mama wa kanisa lake.

"Nyinyi mmeona waya ya stima?" aliwauliza.

"Tumeona."

"Ile plastiki ya juu ikichubuka, si stima itapotea njiani?"

"Na inaweza kukuua!" akasema mama mmoja.

"Hiyo ya kuua wacha kando kwanza. Neva zenu ziko hivyo. Ziko na ganda, inaitwa myelini. Kuna watu mwili wao wenyewe unashambulia hiyo ganda. Mtu analala akiona, anaamka jicho moja imezima. Ama miguu inakataa."

Kila mmoja alikuwa na mtu aliyemfikiria. Kutoka nyuma mmoja akasema kwa sauti ndogo kwamba watu wa namna hiyo huwa wamerogwa. Profesa hakubishana naye. "Sawa," alisema. "Mimi kazi yangu ni kutafuta aliyeroga anaitwa nani kwa damu."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi. Juu ya ganda la neva kuna protini moja ambayo kwa baadhi ya wagonjwa ndiyo inayoshambuliwa na kingamwili, askari wa mwili waliogeuka. Ukiwa nayo hiyo protini ikiwa safi, unaweza kuiweka kwenye kisahani kama chambo, ukamwaga maji ya damu ya mgonjwa, ukaona kama askari hao watakuja kuishika. Kuitoa kwenye ubongo wa mtu haiwezekani. Kwa hiyo unachukua nakala ya jeni ya binadamu inayobeba maelekezo yake, unaipachika ndani ya bakteria, unawalisha, nao wanakutengenezea. Kuiagiza nje tulijaribu. Barafu ilitufikia ikiwa maji vuguvugu na protini imekufa njiani, na Profesa akaapa kwamba itaundwa hapa hapa Kakamega.

Shida ni kwamba bakteria hawana habari za ubongo. Wanaitengeneza kwa wingi, kisha wanairundika ndani yao ikiwa mabonge yaliyokunjamana ovyo. Inabidi uyayeyushe mabonge kwa urea kali mpaka protini inyooke, halafu uipunguze ile urea kidogo kidogo, kwenye baridi, ili protini ijikunje upya ifikie umbo ililo nalo ndani ya mtu. Umbo ndilo kila kitu. Kingamwili za mgonjwa hulitambua umbo. Likikosewa, askari wa kweli hupita kama hawajaona kitu, na askari wasiohusika wanajibandika.

Hapo kwenye kupunguza urea ndipo Profesa alipogeuka mtu mwingine. Tulikuwa na kifuko chembamba chenye protini ndani, tukikihamisha kutoka kwenye maji yenye urea nyingi kwenda kwenye yenye kiasi, kisha kwenye yenye kidogo. Kati ya hatua na hatua haikuruhusiwa kukigusa, kukitikisa, wala kufungua mlango wa friji bila sababu. Siku moja mkurugenzi alikuja mwenyewe kumwita mkutanoni.

"Siwezi," Profesa alimwambia. "Protini inaachishwa urea."

"Itachukua muda gani?"

"Wewe watoto wako uliwaachisha ziwa kwa muda gani?"

Mkurugenzi alinitazama mimi, nami nikaitazama sakafu. Alipoondoka Profesa alininong'oneza, "Usiisukume kamwe, kijana. Inajua umbo lake. Wewe ipe nafasi tu." Nilitamani kumwambia kwamba na sisi binadamu tuliihitaji hiyo nafasi, lakini angesema ameshaelewa.

Urea hiyo ilituletea kisa. Mara ya kwanza tulipoagiza, ofisi ya manunuzi ilimtuma kijana wao, akaja na pikipiki na gunia zima la mbolea limefungwa nyuma. Usimcheke. Huku kwenye miwa na mahindi, ukisema urea mtu mzima yeyote anajua unasema nini.

"Niwawekee wapi?" aliuliza akichungulia ndani. "Na shamba yenu iko upande gani?"

Profesa alimwonyesha friji yetu kwa kidole. Tulipoambiwa gunia halirudishiki, mlinzi alipewa sehemu yake, majirani wakapewa yao, nasi tukaagiza upya ile safi ya maabara. Mahindi yalipokomaa mlinzi alituletea sufuria ya mahindi ya kuchemsha, akaiweka mezani kwa heshima zote. "Profesa, protini yako ndiyo hii imekubali," alisema. Profesa alikula akiwa amesimama, huku anacheka peke yake.

Ile urea safi nayo ilipofika ilikuwa na ukaidi wake. Ukiitia kwenye maji, maji yanapoa mpaka chupa inatoka jasho, na unga wake unakaa chini unakataa kuyeyuka haraka. Subira ya Profesa haikufika hapo. Ilianzia kwenye friji. Chupa ya urea aliiweka juu ya jiko la umeme, akageuza kitufe, akaenda ofisini kumalizia watu sentensi zao. Darasani alifundisha mwenyewe kwamba urea haipashwi moto, kwa sababu ikipata joto inabadilika na kuanza kuing'ata protini. Mwanafunzi mmoja aliuliza mbona sisi tunaipasha.

"Vuguvugu si moto," Profesa alisema, na sote tukaona ni jibu zuri. Chai aliipoza kwa maji, urea akaipasha kwa jiko. Kila kitu kilichomkabili kilipaswa kufuata mwendo wake, isipokuwa protini tu.

Tulipofika kwenye kupima, tulijitolea damu sisi wazima tuwe mfano wa wasioumwa: mimi, mlinzi, na Profesa mwenyewe. Tulikuwa pia na damu ya mgonjwa aliyethibitishwa kwingineko. Visahani vikaiva rangi ya njano, na njano ndiyo ya ugonjwa. Vyote vilikuwa njano. Mgonjwa alikuwa njano hafifu, mlinzi njano ya kukolea.

"Kwa hiyo mimi nakufa?" mlinzi aliuliza.

"Hufi," Profesa alimjibu. "Hii kipimo inakubaliana na kila mtu. Hiyo si kipimo, ni mgombea kiti."

Tulitengeneza mkupuo mwingine, na mwingine. Safari zote mlinzi alikuwa mgonjwa. Profesa aliwalaumu bakteria akawaita wavivu, akalaumu maji ya mfereji, akalaumu watu wa stima waliotuzimia bila taarifa, akailaumu hata radi ya Kakamega ambayo, kwa haki, ina makosa mengi. Kila mara alirudi kwenye kiti chake mbele ya friji na kungoja upya, kimya, mikono mapajani.

Haya yote yangekuwa mchezo wa maabara kama si fundi.

Fundi alikuwa mama wa makamo, mshonaji wa sare za shule sokoni Butere. Jicho lake moja lilizima ghafla, likatibiwa hospitalini, likarudi nusu. Halafu likazima la pili, nalo likarudi nusu. Daktari wake alimweleza kwamba magonjwa ya ganda la neva ni zaidi ya moja, yanafanana kwa sura, na dawa ya kuzuia ugonjwa mmoja inaweza isifae mwingine. Bila kujua ni upi, anabahatisha. Ndiyo maana fundi alikubali kutoa damu kwa utafiti wetu. Kila alipokuja Kakamega kununua vitambaa alipitia mlangoni kwetu.

"Mulembe, Profesa. Nyumbani wako salama? Watoto je? Na mvua, imewanyeshea?"

"Wote wazima, mvua imenyesha, sema."

"Ile damu yangu imesema nini?"

"Bado haijasema, fundi."

"Hata neno moja?"

"Hata moja."

"Basi nitarudi. Siku hizi jirani ndiye ananitunganga uzi kwa sindano, lakini nashona tu."

Akishaondoka, Profesa hakunywa chai siku hiyo, ya moto wala ya kupozwa. Alijua, nasi tulijua, kwamba kisahani cha fundi kilikuwa njano kila safari, na kwamba njano ile haikuwa na thamani yoyote maadamu mlinzi naye alikuwa njano. Ingekuwa rahisi kumwambia ndiyo. Ingempendeza, na pengine ingekuwa kweli. Hakumwambia. Namheshimu kwa mengi, lakini kwa hilo zaidi ya yote, maana niliona linavyomla.

Alichofanya ni kumpa fundi kazi ya kushona makoti yetu yote ya maabara. Yalikuja mfuko mmoja juu na mwingine chini, na mikono isiyokubaliana urefu. Yeyote aliyecheka aliulizwa kama ana nguo nyingine ya kuvaa. Profesa alilivaa lake kwa kujidai, na katika mfuko ule wa chini aliweka njugu karanga, ingawa tangazo la kukataza chakula maabarani lilikuwa ukutani na alikuwa amelibandika mwenyewe. Ukilitazama tangazo na kumtazama yeye, alikupa njugu kidogo ili muwe wawili.

Alinifokea mara nyingi sana. Nilipovunja chupa, nilipochelewa, nilipoongea polepole. Kisha jioni angenikuta kwenye lango na kunitupia mfuko wenye ingokho aliye hai, miguu imefungwa. "Pelekea watoto," alisema huku anaondoka, na hakuwahi kueleza kama huyo kuku alikuwa wa kuomba radhi au alikuwa amemzidi nyumbani.

Siku ya kumuaga alipostaafu, mwongozaji wa shughuli alikuwa na ratiba ndefu ya wasemaji. Profesa alisimama kabla hajaitwa.

"Nimefanya kazi," alisema. "Kuna protini moja imenishinda, na kuna fundi mmoja nimemwambia bado mara nyingi sana. Kijana, hao wawili ni wako. Haya, kuleni."

Akaketi. Hiyo ndiyo ilikuwa hotuba yake yote, na baada ya chakula alienda zake Khwisero nyumbani kwake. Watu walicheka na kupiga makofi. Mimi sikucheka. Niliona jinsi alivyoitazama ile friji alipopita kuchukua mkoba wake.

Muda fulani ukapita. Mchana mmoja radi ilipiga, stima ikaruka, na iliporudi jiko la umeme lilikuwa limekufa kabisa. Nilikuwa nimeanza mkupuo mpya na urea ilikuwa ndani ya maji, imekaa chini kama kawaida yake. Sikuwa na jiko. Nikaiacha kwenye kikorogeo izunguke yenyewe, nikaenda kibandani kula obusuma, ugali wetu, na mboga. Nitasema ukweli, nilikula polepole na nikaongeza. Niliporudi urea ilikuwa imeyeyuka yote, safi, bado baridi. Nikaendelea na hatua nyingine kama nilivyofundishwa, mbele ya friji, kwenye kiti chake, bila kuisukuma.

Siku ya kupima mlinzi alisimama nyuma yangu amekunja mikono. Kisahani chake kilibaki cheupe. Changu kilibaki cheupe. Cha Profesa, ambaye damu yake bado tuliitunza, kilibaki cheupe. Cha yule mgonjwa aliyethibitishwa kiliiva njano kama ndizi. Na cha fundi kikaiva pamoja nacho.

"Nimepona!" mlinzi alisema.

Sikuamini. Nilirudia, ikawa vile vile. Damu ya fundi tukaipeleka kwa watu wa maabara kubwa wanaopima kwa njia tofauti na yetu, nao wakaona hivyo hivyo. Halafu nikafanya jambo ambalo lilikuwa likinikera moyoni. Niliazima jiko mahali pengine, nikaipasha urea vuguvugu, tena vuguvugu ya Profesa, ile ya kwenda ofisini na kurudi. Mlinzi akawa mgonjwa tena.

Hivyo ndivyo nilivyojikuta njiani kwenda Khwisero na habari njema kuliko zote nilizowahi kubeba, na ndani yake imo ile nyingine. Miaka yote ile hawakukosea bakteria, hayakukosea maji, hawakukosea watu wa stima. Niliwaza njia nzima nitaisemaje. Nilitumaini ataniwahi na kuimalizia mwenyewe, aniokoe.

Jirani yake aliyenielekeza alitikisa kichwa. "Huyo Profesa wenu anasumbuanga kuku," alisema. "Kuku amelalia mayai, yeye anakuja na tochi kila siku anamulika. Kuku mwenyewe amechoka."

Nilimkuta jikoni kweli, amechuchumaa kwenye kona, tochi mkononi, na kuku akimtazama kwa jicho baya. Alikuwa amepungua mwili kidogo. Koti la maabara lenye mifuko isiyolingana lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango.

"Kijana! Nimeshaelewa. Umekuja niseme neno upate kazi kwingine."

"Hapana, Profesa."

Alishangaa. Sidhani alikuwa amezoea kukosea. Akanikaribisha mezani, akamimina chai vikombe viwili ikitoa moshi, akavuta jagi la maji baridi.

"Protini imekunjika," nilisema.

Mkono wake ukabaki kwenye mpini wa jagi.

"Wazima wote tumekataliwa," niliendelea. "Mlinzi amekataliwa. Hata wewe umekataliwa."

"Hata mimi?"

"Hata wewe. Na yule mgonjwa wa kweli amekubaliwa. Nimerudia." Nikasogeza kikombe changu. "Sasa, Profesa, kuna ile jiko yetu ya stima. Siku moja radi ilipiga, ikaungua. Na mimi nilikuwa na urea ndani ya maji, kwa hivyo..."

Nikaona amefika. Macho yake yalifika kabla yangu, kama siku zote. Kiganja kikainuka kutoka kwenye jagi, na nikangoja lile neno kwa hamu ambayo sikuwahi kuwa nayo. Kikabaki hewani. Kisha akakiteremsha polepole, akakilaza juu ya goti.

"Endelea," alisema. "Maliza."

Ikabidi nimalize. Nilisema yote, neno kwa neno, kwamba niliiacha iyeyuke yenyewe, kwamba nilijaribu tena kwa kupasha na ikaharibika tena, kwamba ulikuwa ni ule moto. Hakunikatiza hata kidogo. Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kumwambia.

"Vuguvugu," alisema mwishowe.

"Vuguvugu, Profesa."

Alianza kucheka. Alicheka mpaka kuku akainuka kwenye mayai yake, na katikati ya kicheko macho yakamlowa, akayafuta kwa upande wa leso yake, na yangu pia yakalowa. "Hiyo jiko izikwe na heshima," alisema. "Hotuba zote nitakaa mpaka mwisho."

Halafu akaniuliza jambo moja tu. "Na fundi?"

"Damu yake imesema. Maabara kubwa wamethibitisha. Daktari wake anamngoja kliniki, anasema sasa ataacha kubahatisha. Ameturuhusu tumpashe habari, lakini mimi sijampigia. Niliona hiyo simu ni yako."

Alichukua simu. Iliita muda mrefu, naye akangoja. Ilipopokelewa nilisikia cherehani ikinguruma nyuma ya sauti ya fundi, na salamu zikaanza kumiminika, nami nikakaa tayari kusikia "wote wazima, mvua imenyesha, sema".

"Mulembe, fundi," Profesa alisema. "Nyumbani ni salama. Kwako je? Watoto? Na yule ng'ombe, alizaa? Ndama ako sawa? Na huko Butere mvua imewafikia, ama bado mnangoja?"

Upande wa pili cherehani ikapunguza mwendo.

"Profesa," fundi aliuliza kwa hofu, "uko mgonjwa?"

"Mimi ni mzima. Hata kipimo imesema mimi ni mzima. Fundi, ile damu yako imesema."

Cherehani ikasimama. "Imesema nini?"

"Imesema jina."

Fundi aliuliza maswali, akayarudia, akaanza upya, akalia kidogo, akauliza tena kama daktari atajua sasa cha kufanya. Profesa alimjibu moja moja, na kila mara alingoja mpaka amalize. Alimweleza waya na plastiki yake, akamweleza kliniki aende siku gani na aseme nini, akakubali kusikia habari za jirani anayetunga uzi. Mimi nilikaa nimeshika kikombe changu, sikuthubutu hata kukohoa.

Alipokata simu, chai yake ilikuwa imepoa yenyewe, na jagi la maji halikuwa limepungua. Akanywa funda moja, akakitazama kikombe.

"Kumbe ndiyo hii mlinzi alikuwa anasema," alisema.

Akakinywa chote, akamimina kingine cha moto, akakiweka mezani katikati yetu, tukangoja.